Filamu ya Babu Siku ya Jumanne

Televisheni yetu ya kichogo, ile nene ya zamani, ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Tulikaa Misugusugu, Kibaha, na kila Jumapili alasiri kituo kimoja kilionyesha filamu za zamani. Sisi tulikuwa na sababu ya kuringa: Mzee Mwinshehe, babu yangu mzaa mama, aliigiza enzi za ujana wake, na katika filamu moja alikuwa baba mkali anayewafukuza wachumba wa bintiye kwa mchi. Lakini kituo kile kilikuwa na desturi ya kutisha. Filamu ya zamani ikitoka siku isiyo Jumapili, ujue mkongwe mmoja amefariki. Msimu ule wa mihogo Babu alikuwa akikohoa shambani kwake Vihingo, Kisarawe, na hospitali hataki kuisikia. Mama alikuwa roho juu. Akipita sebuleni katikati ya wiki, aliitazama televisheni kwa jicho la pembeni, kama anayempita mbwa wa jirani.

Jumanne moja umeme ulikatika mchana, taarifa ya habari ikianza. Uliporudi, Babu alikuwa kwenye kioo, kijana, mchi mkononi. Mama aliuachia ungo, mchele ukamwagika. Akampigia mjomba Shomari, aliyekaa na Babu. Simu haikupatikana, maana kule Vihingo mtandao ni wa kuutafuta. Bi Zaituni wa nyumba ya pili naye alikuwa ameona. "Lisemwalo lipo, mwanangu," alimwambia mama huku akimfunga khanga kiunoni, "na kama halipo, laja." Punde mikeka ikatandikwa, viti vikatolewa nje, sufuria kubwa la mtaa likaletwa, na baba akachukua bodaboda kwenda Vihingo. Mimi niling'ang'ania sebuleni. Nje wanamlilia, ndani anacheka. Niliogopa kwamba filamu ikiisha, ndipo atakapokufa kweli.

Jua likielekea kuzama, simu ya baba ikaingia. Mama akaiweka spika, na kilichotangulia kusikika kilikuwa kikohozi.

"Nasikia mmeniwekea matanga," Babu alisema.

"Shikamoo, baba," mama alijibu, akaanza kulia upya.

"Marahaba. Wali umeshaiva?"

Wanawake wakaangua kicheko, Bi Zaituni akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha Babu akauliza, "Sasa kama si mimi, kafa nani?" Katika furaha yetu hakuna aliyekumbuka kwamba filamu ile ilikuwa na watu wengine. Taarifa ya saa mbili ndiyo iliyotujibu: ni yule mama aliyeigiza mke wake. Babu alipopigiwa tena na kuambiwa, alikata simu bila kuaga.

Siku hizi filamu za zamani zina chaneli yake, asubuhi mpaka jioni, hazisubiri mtu afe. Babu naye alishatangulia, uzee ukiwa umemkolea. Siku ya msiba wake wanawake walitaka televisheni izimwe, kama ilivyo ada. Mama, aliyeiogopa miaka yote ile, alikataa katakata. Aliiondoa sauti tu, akaketi mkekani akikitazama kituo chetu kilekile tangu asubuhi. Wakaonyesha mapishi, wakaonyesha mpira, wakarudia mapishi. Babu hakutokea.