Umeme Uliochoka Njiani

Jumamosi tulikuwa wamama sita kwenye kinu cha umeme, kila mmoja na beseni lake la mahindi, mashine ilipoanza kunguruma polepole kisha ikanyamaza. Mama mmoja aliyetoka kijiji cha Kapolowe, wa mwisho kwenye foleni, akaangalia barabara. Lori lake la kurudi lilikuwa linaondoka saa sita, na nyumbani watoto hawakuwa na unga wa bukari, ugali wetu.

Fundi wa umeme aliyekuja kupima nyaya alituambia umeme wetu unatoka mbali mno, unafika umechoka. "Lakini wiki hii tunaunga makondensateri, vyombo vya kusaidia umeme, ndani ya laini, katikati ya njia."

"Sitwayen, raia mwenzetu, hizo zitazaa umeme mwingine?" mwenye kinu akamtania.

"Hapana, baba. Weye unapandisha baiskeli ya magunia ya makala ya kupikia kwa mulima, muntu anakusukuma nyuma. Makala ni yale yale, lakini unafika." Akasukuma hewa kwa viganja viwili.

Kisha akasema mashine iwashwe tena na mahindi yamwagwe kidogo kidogo, itavumilia. Hadi saa sita ingesaga beseni moja tu.

Mama wa kwanza akasogeza beseni lake nyuma kwa mguu. Wa pili vilevile, hata mimi na mtoto mgongoni.

"Pita, mama. Lori haina ndugu, haingoji mtu," mama wa kwanza akamwambia yule wa Kapolowe.

Alipita, na lori akalipata.

Makondensateri yameshaungwa, kinu hakizimi tena. Nafurahi sana. Ila foleni sasa inakwenda mbio, hata hatupati nafasi ya kumpisha mtu.