Gumato wa Kazi Mbili

Ungemuuliza mtu yeyote wa mtaa wa Bula Pesa miaka ile habari za Umulkheir mke wa Dadacha, angekuambia ni yule mama wa maziwa, mwembamba, mtoto mgongoni na mtungi mkononi, mtu asiye na maneno mengi. Hakuna ambaye angekuambia kwamba kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, mama huyo alikuwa mpiganaji.

Mambo yalianza na hayo hayo maziwa. Mwaka wa themanini na tatu alikuwa akiyapeleka kwa Githinji, karani wa ofisi ya maji, aliyekaa peke yake kwenye nyumba za serikali. Mwalimu mmoja mzungu alipomaliza miaka yake miwili hapo mjini na kurudi kwao, alimwachia Githinji sanduku la mchezo. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu na dadu za ajabu, nyingine za nyuso nne, nyingine nane, nyingine ishirini. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala mpira. Mtu mmoja anasimulia: mko msituni, mnasikia kitu kinapumua. Wengine wanasema watu wao wanafanya nini, dadu inatupwa, na dadu ndiyo inaamua ni nani amepiga na ni nani amepigwa. Kila mchezaji ana mtu wake kwenye karatasi, na mtu huyo ana kazi yake. Ama ni mpiganaji, ama tabibu, ama mwizi.

Githinji alikuwa na mchezaji mmoja tu, Jane, mpiga taipu wa ofisini kwao. Jane alikuwa ameokoka, hata salamu yake ilikuwa bwana asifiwe, lakini mtu wake alikuwa mwizi wa kufungua kufuli.

"Umeokoka na unaiba?" Githinji alikuwa akimchokoza.

"Naiba kwa karatasi. Mbinguni hawahesabu karatasi."

Siku moja Githinji alimwona Umulkheir pale barazani akimimina maziwa. "Mama Maziwa, kaa dakika tano. Tupa hii dadu, tuone mkono wako."

Umulkheir alicheka, akatupa. Ikaanguka ishirini. Zimwi lililokuwa limemsumbua Jane mwezi mzima likafa hapo hapo. Zile dakika tano zikawa mwaka.

Lakini alipotakiwa kuchagua kazi ya mtu wake, palitokea ubishi. Alimpa mtu wake jina la Gumato, akaandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: mpiganaji na tabibu.

"Hapana," Githinji alisema, akifungua kitabu. "Hapa wanasema binadamu achague moja. Akitaka ya pili, anaacha ya kwanza. Wanaoruhusiwa kuchanganya ni wale watu wa msituni wenye masikio marefu, wanaoishi miaka mia tano."

"Kwa nini wao?"

"Kwa sababu wana wakati."

"Mimi asubuhi nakamua mbuzi, nanyonyesha, nauza maziwa, napika. Hakuna mtu ameniuliza kama niko na masikio marefu."

Jane alicheka mpaka akashika ubavu. "Mshika mbili, dada yangu! Moja itakuponyoka."

Umulkheir hakucheka. Hakuwaambia sababu yake, maana haikuwa ya kusemwa juu ya mchezo. Alipokuwa na miaka sita, wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini, watu wao walifungiwa na serikali ndani ya kambi ya seng'enge pamoja na mifugo yao, na mifugo ikafia humo humo. Mdogo wake alishikwa na kuhara. Langoni alisimama askari mwenye bunduki, ambaye hakuwa na dawa. Ng'ambo ya lango palikuwa na mtu wa dawa, ambaye hakuwa na amri ya kufungua. Kila mmoja alifanya kazi yake moja, vizuri kabisa. Mtoto alizikwa kabla ya adhuhuri ya siku ya pili. Kwa hiyo Umulkheir alijua vile alivyomtaka Gumato awe: mtu anayeweza kuvunja lango na akishalivunja awe na dawa mkononi.

Mwishowe Githinji alikubali, kwa masharti. Pointi atakazopata Gumato vitani, ambazo ndizo humpandisha mtu ngazi, zitagawanywa nusu kwa nusu, nusu kwa upanga, nusu kwa dawa. Tena akishika ngao, mkono wa dawa utakufa ganzi, hawezi kutibu mpaka aiweke chini. Akifika ngazi ya nne, pande zote mbili, ndipo ataweza kupigana na kutibu kwa wakati mmoja.

"Itakuchukua muda mara mbili," Githinji alimwonya.

"Nimezoea," Umulkheir alisema.

Ikawa hivyo. Mwizi wa Jane alipanda ngazi kama mbuzi anavyopanda mawe, ya nne, ya tano, ya sita. Gumato alibaki ya pili, kisha ya tatu, hapo hapo. Wakiingia vitani, alipiga kidogo na kutibu kidogo. Jane alimwita nusu mkate. Umulkheir alirudi kila Jumamosi, mtoto wake Nimo akilala kwenye leso chini ya meza, naye akijaza karatasi yake pointi kidogo kidogo, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Nyumbani alikuwa amesema anakwenda kwa Jane kujifunza Kiingereza, na haukuwa uongo wote. Mumewe Dadacha alikuwa dereva wa lori la kwenda Merti, Jumamosi nyingi hakuwepo. Kufikia mwezi wa nane, mwaka wa themanini na nne, upande wa upanga ulikuwa umejaa. Upande wa dawa ulibakiza pointi sitini. Jumamosi moja tu.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Ng'ombe walianguka njiani wakiletwa sokoni, na mtungi wa Umulkheir ukawa unajaa nusu tu. Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo shemeji yake Kanchoro alifika kutoka upande wa Korbesa, midomo imepasuka. Ngamia saba walikuwa wamepotea, siku ya tisa sasa, na ndio walikuwa mali yote iliyobaki kwa nyumba ile. Mama mkwe, Maryan, alikuwa ameketi anamsikiliza. Umulkheir alipoinama kumpa shemeji chai, fundo la mtandio wake lilifunguka na dadu zake tano zikamwagika mkekani. Githinji alikuwa amempa kila mtu zake azitunze.

Maryan aliokota moja, akaigeuza. "Hii mawe ni ya nini?"

"Ni ya mchezo, mama."

"Unatupa, halafu unasoma?"

"Ndiyo, lakini—"

"Halafu inakuambia mambo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Na Maryan hakuwa mjinga. Alikuwa binti wa mzee aliyekuwa akichinja mbuzi, akikunjua matumbo yake na kusoma humo vita vinatoka wapi na mvua iko wapi. Mtu anayetupa kitu na kusoma alama zake hakuwa jambo geni kwake. Geni lilikuwa mtu mzima kufanya hivyo kwa mchezo.

"Mtu mzima hachezi mwaka mzima," alisema. "Tupa. Ngamia wako wapi?"

"Mama, wallahi sijui. Hii ni mchezo tu."

"Shemeji," Kanchoro alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kama ngozi, "nitakuomba mara ngapi?"

Hapo ndipo Umulkheir alipokosea. Alimwona mtu mzima akikaribia kulia mbele ya mama yake, akaona ni afadhali kutupa kuliko kumnyima. Kwenye mchezo, mkipotea msituni, mnatupa dadu ya nyuso nane na kila namba ina upande wake. Alitupa. Ikaanguka tatu.

"Mashariki," alisema. "Mfuate mto." Na hata bila dadu angesema mto. Katika ukame kama ule ngamia angekwenda wapi tena?

Kanchoro aliondoka alasiri hiyo hiyo na lori la miraa. Jumamosi asubuhi habari zilifika. Ngamia watano walikuwa wamepatikana hai kando ya mto Ewaso, chini ya Merti. Maryan alipiga vigelegele mlangoni, na kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikuwa umejua. Mwanamke wa kwanza alikuja na sukari kilo moja na swali la mbuzi. Wa pili alikuja na majani ya chai na swali la mume aliyekwenda Nairobi. Umulkheir aliwaambia ni mchezo, wakatikisa vichwa kwa heshima: mwenye elimu huficha. Saa nane ikapita akiwa amezingirwa na watu. Ndiyo Jumamosi aliyokuwa akiingoja.

Jumatatu Dadacha alirudi. Maalimu wa msikiti alikuwa amemwita njiani kabla hajazima hata injini. Alipoingia nyumbani hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Umulkheir baridi.

"Mama Nimo. Mwaka mzima unaniambia Kiingereza."

"Kiingereza nimejifunza, Baba Nimo. Na kucheza nimecheza. Ramli sijapiga, isipokuwa mama na shemeji—"

"Ngamia wamepatikana ama hawajapatikana?"

"Wamepatikana."

"Basi nikuambie nini? Wamesema msikitini mke wangu anatupa mawe. Nikisema ni uongo, Kanchoro ni shahidi." Alikaa kwenye kigoda, akajifuta uso. Alikuwa mtu mwema, na uchovu wa barabara ulikuwa bado machoni. "Chagua moja. Nyumba hii, ama hiyo mawe."

"Nipe Jumamosi moja. Moja tu."

"Jumamosi ya nini?"

Umulkheir angemwelezaje, mtu aliyeendesha lori siku mbili kati ya mizoga, kwamba kuna mwanamke wa karatasi aliyebakiza pointi sitini?

"Si kitu," alisema.

Dadacha alizichukua dadu zote tano, akazitupa chooni mwenyewe. Maryan alinuna wiki nzima, kwa maana wageni walikoma kuja na sukari ikakoma nao.

Umulkheir alijipa moyo kwamba karatasi bado ipo. Dadu zimekwenda, lakini karatasi iko kwa Githinji, ndani ya sanduku, na Githinji angeweza kumtupia yeye. Hata pasipo kukaa mezani. Angesimama tu barazani na maziwa yake, aulize, atupiwe mara moja, ajue kwamba Gumato amefika. Maziwa hakukatazwa kuuza. Jumamosi iliyofuata alikwenda.

Kabla hajafika barazani, Jane alitoka kumpokea langoni, mikono imekunjwa kifuani.

"Dada, nimesikia. Mji mzima unasema."

"Jane, wewe unajua ile ni nini. Wewe mwenyewe unazitupa."

"Mimi nacheza. Wewe umetupa watu wakapata ngamia. Hiyo si mchezo, hiyo iko na mwenyewe nyuma yake, na si Mungu." Alishusha sauti, kwa upole wa kweli, na upole huo uliuma kuliko tusi. "Kanisani wameniuliza kama nakaa meza moja na wewe. Ningejibu nini?"

Nyuma yake barazani meza ilikuwa imeandaliwa kama kawaida. Mahali pake paliketi msichana mgeni mwenye sweta ya kijani. Githinji aliinuka nusu, akakaa tena, akasafisha miwani.

"Mama Maziwa, karibu. Huyu ni Wacuka, binamu ya Jane. Hatukujua kama utarudi, na tulikuwa katikati ya vita..." Alimaliza kwa mkono, akionyesha mezani.

Mbele ya Wacuka ilikuwa karatasi ya Gumato. Umulkheir aliijua kwa doa la maziwa pembeni. Upande wa dawa ulikuwa umefutwa kwa raba, ukafutwa tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Ilikuwa inatuchelewesha," Githinji alisema. "Nilihamisha pointi zote kwa upanga. Usikasirike. Unajua amepanda mpaka wapi? Ya tano! Kwa siku moja!"

"Na mtu akiumia?" Umulkheir aliuliza.

"Wiki jana mwizi wa Jane aliumia," Githinji alikubali. "Alikufa. Ameanza mwingine."

Umulkheir aliinamisha mtungi, akajaza sufuria ya Githinji mpaka alama yake ya kawaida. Nimo alijinyoosha mgongoni, akanyoosha kidole kwenye ile meza ambayo chini yake alizoea kulala, akalia ashushwe. Mama yake alimkaza leso.

Wacuka aliinua macho kutoka kwenye karatasi, mara ya kwanza. "Huyu ni nani?"

"Huyu?" Jane alisema, akiwa tayari amerudi kitini na dadu mkononi. "Analeta maziwa."