Kitu cheupe juu ya ziwa mchana kweupe, Kigoma: nilikiona kikiwepo, sikukiona kikiondoka

Wakuu, salamu kwenu. Wakubwa shikamooni.

Humu naona stori nyingi za vitu vya ajabu angani, karibu zote za kusimuliwa. Yangu nimeiona mwenyewe. Nilichokiona nitasema, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka kutoka Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeishia la saba, naanika dagaa na shangazi yangu ufukweni Kibirizi.

Ndoto yangu ilikuwa kurusha ndege. Msicheke. Ufukwe mzima waliniita Rubani, maana ndege ikiwa bado nyuma ya vilima mimi nishaisikia, na nawaambia kama ni kubwa au ndogo.

Siku hiyo, kama saa saba mchana, mabasi ya kupeleka wakimbizi kambini yalikuwa yanapakia watu hapo jirani. Sisi tunageuza dagaa. Nikainua uso nifute jasho.

Nikakiona. Juu ya ziwa, cheupe cha kung'aa, mviringo kama mfuniko wa sufuria mpya. Hakina mabawa wala moshi. Kimetulia tuli.

(Wale wa "ni puto", upepo ulikuwa unatuvua kanga. Puto lingekaa vipi?)

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa furaha nikapaza sauti, "Jamani ndege, angalieni juu."

Wenyeji wakaangalia juu. Wale wa Kongo wakakimbia. Walipita juu ya dagaa wetu, wakajitupa chini ya mitumbwi, vikabaki ndala na vifurushi mchangani.

Shangazi akasema taratibu, "Haya Rubani, umeona kazi yako."

Baada ya muda wakaanza kutoka. Mama Riziki hakutoka. Huyu alikuwa mkimbizi, siku mbili hizo alikuwa anatusaidia kuanika. Alijibana chini ya mtumbwi uliopinduliwa ili nyufa zake zizibwe kwa pamba, kamkumbatia mtoto mchanga.

Riziki mwenyewe, wa miaka sita, alishapanda basi na bibi yake. Msimamizi wa mabasi alishaita jina la mama yake mara mbili, na basi limewashwa. Asipopanda, Riziki anakwenda, na yeye atapelekwa kambi nyingine.

Nikatambaa mpaka kwake.

"Iko na makelele?" akaniuliza.

"Haina, dada."

"Weye unasikia muzuri?"

"Kuliko wote hapa. Kwa nini unadhani wananiita Rubani?"

Akasema, "Ile yenye ilitupiga kwetu, tulisikia makelele kwanza."

Nikamwambia natoka nisimame nje, nikisikia chochote nagonga mtumbwi.

Nikasimama pale aione miguu yangu. Wakuu, kitu kilikuwa palepale juu ya maji, na ile ndiyo mara ya kwanza maishani kuogopa anga.

Mkono wake ukatoka, kisha kichwa. Nikavua kanga ya mabegani, nikatufunika vichwa, yeye, mimi na mtoto, tukaenda hivyo mpaka kwenye basi, tunatazama vidole vya miguu yetu. Alinishika kiuno.

Nilitamani kuchungulia, siwafichi. Lakini ningeinua pindo, na yeye angeona. Sikuchungulia.

Alipokanyaga ngazi ya basi ndipo nikajifunua. Anga tupu.

Riziki alikuwa dirishani, anacheka, anagonga kioo. Akanyoosha kidole upande wa ziwa, halafu akaanza kukisogeza. Mdomo wake unasema kitu, ila basi lilishaanza kuondoka na vumbi likamfunika kabla kidole hakijafika.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mtu aangalie juu, jua kwanza huko juu kwake kumewahi kutoka nini.

Urubani sikuupata, ila ndege bado nazisikia kabla ya wote.

Wenye ujuzi wa mambo haya, nawasikiliza. Ila mkiniuliza kilielekea wapi, sijui, nilikuwa chini ya kanga. Anayejua ni Riziki.

Mdogo wangu, kama umekua na uko humu, mimi ni yule dada wa dagaa. Ulikuwa unaniambia nini?