Barabara Ilivyopita Jikoni kwa Apolonia

Shemeji yangu Apolonia ni mtu wa kuamini mambo kabla hayajafika. Kaka yangu Dastan, mumewe, haamini hata mvua mpaka imlowanishe. Wanaishi hapa Nyololo, na mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na banda la shemeji la mama lishe, kwa hiyo ugomvi wao naupata ukiwa bado wa moto.

Bei ya mbao ilipoanguka, Nyololo nayo ilianguka. Mashine za kupasulia magogo zilinyamaza, vijana wakaenda zao Makambako. Dastan, aliyekuwa dereva wa lori la mbao, akabaki nyumbani kugema pombe ya ulanzi kwenye mianzi yake. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyekuwa mvivu. Jirani yetu Bertha alikuwa na maharage, wanunuzi hakuna. Mimi nilikuwa na mashine ya kunyolea, vichwa hakuna. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Ndipo tukasikia serikali itajenga barabara ya lami kuanzia hapa kwetu kwenda vijiji vya ndani.

"Hela ya serikali ni kodi zetu wenyewe," Dastan alisema. "Wanachomoa mfuko wa kushoto wanatia wa kulia, halafu tupige makofi!"

"Baba Timotheo, we ukiita mgowe, ulanzi unatoka wapi?" Apolonia alimuuliza mumewe.

Mgowe kwetu ni kualika majirani shambani kwako: unawapa pombe na chakula, wanakulimia.

"Unatoka kwenye mianzi yangu," alijibu Dastan.

"Si ungekaa ukaunywa peke yako? Lakini unawapa watu, na shamba lililolala linaamka. Basi serikali nayo iite mgowe. Mikono tunayo, tumeikalia tu."

"Ukiita mgowe kila siku, mianzi inakauka."

"Nani kasema kila siku? Nasema sasa hivi, watu wamelala!"

Kaka akatoka kwenda kukagua mianzi ambayo haikuwa na shida yoyote.

Wapimaji walikuja, wakachomeka vigingi kando ya barabara ya vumbi. Apolonia akaamini kabisa kwamba hapo ndipo ukingo wa lami utakapokuwa. Huku kwetu kila mtu anaikimbilia barabara, maana dereva hateremki kufuata wali. Wali ndio umfuate dereva. Akalipa fundi, akang'oa banda lake na kulisogeza mbele hadi kwenye vigingi. Kumbe barabara ilikuwa inanyooshwa, na vigingi vile vilikuwa katikati yake.

Hatukujua. Mafundi wa barabara walifika wakiwa na njaa, na sufuria za Apolonia zikarudi motoni zote. Akamaliza maharage ya Bertha. Bertha akaniletea wanawe niwanyoe. Mimi nikaanza tena kunywa chai yenye maziwa. Hata Dastan aliajiriwa kuendesha lori la kifusi, akawa anakwenda kazini amenuna, nadhani kwa kuyaheshimu maneno yake.

Kisha asubuhi moja tulikuta alama nyekundu ya X kwenye mabati ya Apolonia. Fidia hakuna, alijenga baada ya kupimwa. Lutengano, dereva wa greda, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekula pale kila mchana, alisukuma sahani kando.

"Mama, wiki ijayo nafika hapa. Chakula hakipiti."

Apolonia alikaa kwenye benchi la wateja akalia. Sikuwahi kumwona akilia, nikaona aibu kutazama. Banda lile ndilo lililosomesha watoto, na hela ya fundi mwingine hakuwa nayo. Nilimgeukia kaka, nikingoja aseme, "Si nilisema?" Hakusema. Nampenda kwa mengi, lakini kwa hilo nampenda zaidi.

Jumamosi nilisikia panga. Dastan alikuwa anafyeka mianzi yake iliyo kando ya njia, nje ya eneo la barabara.

"Kaka! Mianzi yako!"

"Itaota. Shika panga, acha kelele."

Ulanzi wote aliougema aliutoa nje kwa ndoo. "Leo mgowe ni wangu," alisema, bila kumtazama mkewe. Bertha alikuja, mafundi wa barabara walikuja siku yao ya mapumziko, na Lutengano alibeba nguzo mbili begani akisema kwao Tukuyu mtoto anabeba tatu. Jioni banda lilikuwa limesimama kwenye visiki vya mianzi.

Jumatatu greda lilifika. Lutengano alilisimamisha mbele ya mafiga ya zamani, akageuka kumtazama Apolonia, wala hakusogea. Shemeji alisimama mlangoni pa banda lake jipya akiwa na upawa mkononi, machozi yakimtiririka. Dastan alikuwa nyuma yake.

"Pita, mwanangu," Apolonia alipaza sauti. "Pita upesi, chakula kinapoa."