Asali Niliyomficha Mtani

Kicheko cha mke wangu kilinifikia nikiwa bafuni, huko uani, na kopo la maji mkononi. Hakikuwa kicheko cha kuitikia wageni. Kilikuwa cha kushika mbavu, ambacho sikumbuki ni lini nilikisababisha mimi. Nikabaki na sabuni usoni, nikisikiliza sauti ya mwanamume jirani: "Mshike vizuri, mke wangu. Mtoto wetu ana kucha kama za yule mpagazi wako!"

Mpagazi alikuwa mimi. Mtoto alikuwa paka.

Mke wangu alimwokota karibu na soko, chini ya baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, mguu wa nyuma umechanwa na cheni hadi mfupa unaonekana. Hakuwa paka wa mtu. Alimleta ndani ya pindo la khanga, akamlaza kwenye boksi la sabuni. Alipokwenda duka la dawa za mifugo, aliambiwa gharama ya daktari kuja nyumbani na kuchoma sindano, akajua kwa pensheni yangu haiwezekani. Akanunua bandeji tu. Muuzaji akamwelekeza aoshe kidonda kila asubuhi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, apake asali safi, kisha afunge mguu pamoja na kijiti ili ukae sawa.

Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja ashike na mwingine afunge. Aliniomba nishike. Nikamjibu, bila kuinua macho kwenye gazeti, kwamba sikusomeshwa hadi kidato cha nne ili nije kushika paka wa jalalani. Hakunibembeleza. Alikwenda kwenye ua wa michongoma akamwita jirani.

Jirani yetu ni Mgogo, fundi wa reli aliyestaafu na kufiwa na mkewe. Ana mikono mikubwa, lakini akifunga kitu kimefungwa. Na ni mtani wetu. Sisi Wanyamwezi tumetaniana na Wagogo tangu misafara ya babu zetu ilipokuwa ikikatiza kwao kwenda pwani, mizigo kichwani, na wenyeji wakiwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Mtani anaweza kumwita mkeo mke wake, akamkamata kuku wako bandani, akakuchamba mbele ya wakwe zako. Wewe unacheka au unamrudishia. Ukikasirika, aibu ni yako.

Kwa miaka mingi nilimrudishia. Akiniita mla michembe, viazi vyetu vikavu, mimi nilimwita mla mlenda, tukaendelea na safari zetu. Lakini sasa alikuwa anakalia kigoda changu kila asubuhi, kichwa chake karibu na kichwa cha mke wangu, wote wameinama juu ya boksi. Chai yake ilitangulia yangu. Nilianza kuoga mapema ili niwahi kuwasikia.

Siku ya kwanza kabisa mke wangu alikuwa ameniuliza, "Mzee, ile asali yako ya Sikonge ipo?"

"Imekwisha," nikasema.

Dumu lilikuwa chini ya kitanda, karibu limejaa, asali ya mizinga ya porini aliyoniletea mpwa wangu. Sikuwa mchoyo. Sikutaka tu kuiona kwenye vidole vya mwanamume yule. Basi jirani akanunua ya kichupa pale stendi, iliyochanganywa na maji ya sukari. Sisimizi wakaipenda kuliko kidonda kilivyoipenda.

Asubuhi moja akaja hadi kizingiti cha nyumba, paka mkononi. "Mpagazi, mke wangu anasema asali imekwisha. Leo naingia chumbani mwenyewe nikague mizigo. Babu zako walitoroka kwetu hawajamaliza hongo!"

Mke wangu alicheka. Ni kicheko hicho kilichoniinua kitini. "Toka kwangu," nikasema. "Mimi sina utani na wewe."

Alinitazama kama anayesubiri mkia wa mzaha. Ulipokosekana, alimrudisha paka kwenye boksi. "Samahani, mzee," akasema, akaondoka. Hakuwa amewahi kuniita mzee.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa yangu peke yangu, kama nilivyotaka. Uji ulikuja, maji ya kuoga yalikuja, maneno hayakuja. Mke wangu alijaribu kumbana paka kwa goti na kufunga kwa mkono mmoja. Bandeji ililegea, kidonda kikaanza kunuka, paka akawa haangalii hata dagaa.

Nikalitoa dumu. Mke wangu alilinyanyua, akalipima uzito. "Imekwisha," akasema, akinirudishia neno langu. Tulijaribu pamoja. Nilishika, naye akashindwa kukaza. Tukabadilishana, kijiti kikaniponyoka.

"Huyu atakufa," akasema, "na si baiskeli itakayokuwa imemuua."

Nilichukua khanga yake nikaisokota ngata, nikajitwika dumu, nikatoka barabarani mchana kweupe. Wauza karanga wakageuka kunitazama. Jirani alikuwa mlangoni kwake akichambua maharage.

"Mpagazi amefika," nikasema. "Ameleta hongo."

Hakucheka. Aliendelea na maharage yake. Shingo ikaanza kuuma, lakini mlipa hongo hatui mzigo kabla hajaruhusiwa.

"Hongo ya nani?" akauliza hatimaye.

"Ya babu yangu. Na yangu."

"Yako ni kubwa kuliko hilo dumu."

"Najua."

Akainuka, akafungua kifuniko, akachovya kidole, akalamba. "Haya, hii ni asali. Tua, mla michembe, shingo isije ikakatika ukaniachia mjane." Akafikiri kidogo. "Ingawa ningemtunza."

Wivu ulinichoma palepale, dumu likiwa bado kichwani. Nikamwambia hakuna mjane wa Kinyamwezi atakayekula mlenda wake, tukaenda zetu kwa mgonjwa. Kuanzia siku hiyo nilishika mimi, akafunga yeye, na mke wangu akapaka asali.

Paka alipona. Anachechemea, ila anapanda ukuta. Mimi hakunisamehe, kwa kuwa mikono iliyokuwa ikimbana ilikuwa yangu. Kila asubuhi jirani akikohoa upande wa pili wa michongoma, paka huacha dagaa niliomwekea, akapenya kwenda kwake. Mke wangu hucheka kile kicheko cha kushika mbavu, na anayechekwa ni mimi. Nami hukaa palepale na sahani ya dagaa, nikisubiri amalize kucheka anitazame.