Wilfred na Somo la Manamba

Wilfred alilelewa na babu yake, mzee Laurenti, katika nyumba za kambi ya mkonge nje kidogo ya Muheza. Hakuwa mtoto mkorofi. Tangu baba yake afariki, hakuna aliyewahi kumsikia akimjibu mkubwa vibaya. Lakini alipofika kidato cha tatu, kwao kukaanza kumtia haya. Rafiki zake Sele na Rahimu walikuwa Wadigo, watu wa pwani kwa asili, na kila mmoja aliweza kukuonyesha kaburi la babu wa babu yake. Wakimuuliza Wilfred kwao wapi, alijibu upesi, "Sisi wa hapahapa tu," kisha akabadilisha mazungumzo.

Likaja jaribio la historia, mada ya uchumi wa kikoloni. Sele akasema wakajisomee kwa Wilfred, ndiko karibu na shule. Wilfred akatafuta udhuru, akakosa. Basi Jumamosi mchana wakakaa ukumbini na madaftari yao. Mzee alikuwa amejinyoosha chumbani, mihogo ikichemka jikoni.

Sele akasoma kwa sauti habari za manamba: vibarua waliozolewa Kigoma, Songea na kwingineko, wakaletwa kukata mkonge, kila mtu na namba yake.

"Kha! Kama ng'ombe wa mnadani," Sele akasema.

Rahimu akacheka. Wilfred alifunga daftari lake. Aliogopa wasije wakamgeukia kumuuliza, naye akaamua kuwatangulia. Akainuka, akajifunga shati kiunoni, akapinda mgongo, akaanza kuchechemea ukumbini huku akiburuta mguu wa kushoto.

"Naam bwana! Manamba mia mbili, nipo bwana!"

Wenzake walicheka hadi machozi. Yeye mwenyewe akacheka kuliko wote, akarudia tena, safari hii kwa sauti ya kukwaruza.

Mara mlango wa ndani ukafunguka. Mzee Laurenti akatoka na sahani ya mihogo ya kuchemsha, akija taratibu, mgongo umepinda, akiburuta mguu wa kushoto.

Kicheko kikakatika. Rahimu akasimama haraka kupokea sahani. "Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Kuleni, kusoma na njaa hakuingii kichwani."

Sele aliinamia daftari lake, hakuinua macho. Wilfred alibaki amesimama katikati ya ukumbi na shati lake kiunoni. Muhogo aliopewa ulimkaa mkononi mpaka ukapoa. Haukupita muda, wageni wakaaga. Hata mada hawakuimaliza.

Wilfred akamfuata mzee uani. "Babu, tulikuwa tunafanya masihara tu."

"Nimesikia," mzee akasema. "Kuitika tuliitika hivyohivyo, hujakosea. Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka Kigoma sijawahi hata kuiona bahari." Akajipapasa goti. "Ila mguu huu haukuvunjwa na mkonge. Baba yako, bado mtoto mdogo, alishikwa na surua, akawa hanywi kitu ila dafu. Nikapanda mnazi usiku, mvua imenyesha. Nikateleza."

"Sikujua, babu."

"Ungejuaje? Hukuuliza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Wilfred. Angechapwa angelia, yakaisha. Alisimama pale akikuna ukuta kwa kucha, radhi hakuiomba.

Jaribio lilipofika, swali refu lilihusu manamba. Wilfred alijaza kurasa, akapata alama za juu kuliko darasa zima. Mwalimu alipomsifu mbele ya wenzake, Sele alitazama dirishani. Karatasi ile Wilfred aliikunjakunja akaisukumiza chini kabisa ya mkoba.

Jioni mzee alimkuta jikoni akichochea kuni.

"Haya, jaribio limekwendaje?"

"Vizuri, babu."

"Wamekuulizeni nini?"

Wilfred alipuliza moto ambao ulikuwa ukiwaka vyema.

"Wareno," akasema. "Wametuuliza habari za Wareno."

"Aa. Hao siwajui," mzee akasema, akavuta kigoda akaketi kando yake.