Maji Yasiyopiga Hodi

Mwanangu, iko siku moja ya masika ambayo naikumbuka kwa nyayo kabla ya kuikumbuka kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya watu, kanzu mpya nimeipandisha hadi magotini, viatu mkononi, maji ya mvua yakinifunika vifundo. Nilikuwa nimekwenda kuposa.

Miaka ya themanini ilikuwa ikielekea ukingoni, na Likoni ya upande wa Mtongwe ilikuwa ikijengwa kwa pupa. Sisi tulikaa Mkwajuni, mtaa wa juu. Chini yetu ulikuwa mtaa wa Kati, uliojaa watu wa bara waliofanya kazi bandarini na viwandani. Chini kabisa, mkabala na mikoko ya hori, ule mkono wa bahari, ulikuwa mtaa wa Bondeni, wenyewe wakiwa hapo tangu na tangu. Kila paa jipya la mabati lilimwaga maji yake nje, kila mtaa ulichimba mfereji wake, na kila mfereji uliishia mpakani kwa jirani. Yakishavuka mpaka, hayakuwa maji yetu tena.

Mshenga wangu alikuwa Ami Shee, ndugu yake baba, mtu wa maneno matamu. Mwenye nyumba, Mzee Mbaruku wa Bondeni, alitupokea akiwa juu ya kitanda cha kamba, miguu ameikunja.

"Karibuni," alisema. "Mtanisamehe sina mkeka wa kuwatandikia. Umeelea."

Ami akatoa salamu zake ndefu, akamaliza kwa kusema tumekuja kuomba ujamaa.

"Ujamaa upo zamani, Shee. Maji ya kwenu huingia humu kila masika. Hayapigi hodi, hayaleti mshenga, na wallahi yamelala humu siku nyingi kuliko wakwe zangu wote."

Nyuma ya pazia mtu alicheka. Nilikijua kicheko kile. Mwanaisha, binti wa mzee niliyekuja kumposa, alikuwa akinicheka mimi na kanzu yangu, na hapo hapo nikaapa moyoni kwamba nikikosa kuoa nyumba hii, sitaoa.

Kwetu, mwanangu, baba wa binti hupewa kilemba, heshima yake mbali na mahari ya bintiye. Ami alipomuuliza kilemba chake, mzee aliyatazama maji yaliyokuwa yakizunguka miguu ya kabati.

"Sitaki nguo wala fedha. Nataka Mkwajuni, Kati na Bondeni waketi pamoja, wapatane njia moja ya maji mpaka horini, na waweke watu wa kuitunza. Siku maji yatakapopata mwenyewe, kijana naye atapata mke."

Ami alinuna njia nzima. "Huyu hataki mkwe," alisema. "Yuataka serikali."

Lakini mapenzi hayajui kuchoka. Nilipita nyumba kwa nyumba mpaka watu wakaniita Bwana Mfereji. Chifu alikubali kutuitia baraza, na mhandisi wa manispaa akaja kututazamia mteremko, akatupa idhini. Yote hayo yalikuwa mepesi. Uzito ulikuja tulipouliza nani ataongoza.

Nilisimama mimi, na ujana wangu. Nikasema kila mtu apige kura yake, wengi wape. Nilijua vizuri kwamba Mkwajuni tulikuwa wengi kuliko mitaa yote miwili. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Mzee Mbaruku hakupandisha sauti. "Mwanangu," aliniambia mbele ya watu, "maji hayapigi kura. Yanateremka tu. Mkiwa wengi huko juu, maana yake ni kwamba mtatumwagia mengi zaidi. Sasa kwa sababu hiyo mpewe na kiti?"

Watu walicheka mpaka chifu akaficha uso kwa kofia. Nami nilicheka, maana nilikuwa nimeshikwa pabaya. Ndipo Mama Atieno wa mtaa wa Kati, aliyekuwa akipika chapati za wafanyakazi wa feri na asiyemwogopa mtu, akasema neno lililotujenga.

"Mimi nimekaa katikati, nalaumiwa na wa juu na wa chini. Kila mtaa utoe watu sawa, uwe mkubwa au mdogo. Mwenyekiti atoke Bondeni, kwa sababu mfereji ukiziba, yeye ndiye atajua kwanza. Na mtu akitaka kujenga karibu na njia ya maji, aende kwanza kwa aliye chini yake, amuulize."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tulikubali, na kamati ikazaliwa: Mzee Mbaruku mwenyekiti, Mama Atieno mweka hazina, nami katibu. Tukakata shauri kwamba jambo halipiti mpaka mitaa yote mitatu iseme ndiyo, na kwamba kila nyumba itoe mtu wa kuchimba, au mchango kwa kadiri ya uwezo wake.

Tulianza kuchimba kutoka horini tukipanda juu, maana ukianzia juu unamfurikisha jirani kabla hujamjengea njia. Vijana wa Mkwajuni walinung'unika kwenda kushika majembe kwa watu. Wanawake wa Bondeni wakatoka na pembe zao za vugo, ngoma ya arusi, wakawaimbia kwa dhihaka kwamba waume wa juu jembe huliona pichani tu. Basi, mwanangu, walichimba kwa hasira na kucheka, na kufikia jioni ilikuwa kama arusi iliyokosa bibi arusi tu.

Mfereji ulipokaribia kwetu, nikaanza kuhesabu siku za arusi yangu. Nikarudi jioni moja nikamkuta Ami Shee anajenga msingi na ukuta wa vyumba vya kupangisha. Msingi ulikuwa umeingia ndani ya njia ya maji, umeibana ikabaki nyembamba kama shingo ya chupa.

Nilimwambia Ami, "Hapa pana mfereji."

"Na hapa pana ami yako," alinijibu, bila kuinua kichwa. "Nani atakwenda kukuposea?"

Sikupata usingizi. Nikinyamaza, Mzee Mbaruku atajua na mke sina. Nikisema, mshenga sina. Asubuhi nililipeleka jambo kwenye kamati kama ningelipeleka la mtu mwingine yeyote. Mzee Mbaruku alichukua bakora yake akatangulia. Kisha sote tukapanda hadi Mkwajuni.

Ami alitupokea kifua mbele. "Mimi ndiye mshenga wa arusi hii. Mnanivunjia mimi ukuta?"

"Hatuvunji," alisema Mama Atieno. "Wewe si mshenga? Basi uzungumze na ukuta wako. Uubembeleze, usogee mwenyewe."

Midomo ikamcheza Ami, kisha akaketi juu ya mawe ya msingi wake na kucheka mpaka machozi. Kesho yake alianza kuusogeza, na watu wa Bondeni wakapanda kumsaidia kubeba mawe.

Masika yaliyofuata mvua ilipiga usiku kucha. Alfajiri tulisimama kando ya mfereji, juu mpaka chini, tukiyatazama maji yanapita kwa adabu kuelekea horini. Nilioa mvua ikinyesha. Wageni waliketi juu ya mikeka mikavu, na Mzee Mbaruku alimkamata kila anayeingia akamwambia apapase sakafu.

Mwanangu, siku utakapopewa kuunganisha watu, usianze kwa kuwahesabu. Anza kwa kuuliza nani huumia kwanza, umpe huyo kiti cha mbele. Mtaa mdogo usimezwe na mkubwa. Kazi ianze pale ambapo uchungu unatua, hata kama si mlangoni kwako. Na sheria uliyoitunga ifikishe kwa ami yako kabla ya kuifikisha kwa mtu baki, lakini umfikishie kwa ulimi wenye ucheshi, ili kesho mle sahani moja.

Mola akujaalie jirani wa juu mwenye huruma na jirani wa chini mwenye subira. Akupe watu wa kukukosoa mbele ya watu na kukupenda nyuma yao. Na mvua yake, popote utakapojenga, iwe kwako na kwa wenzako mvua ya heri.